Mrejesho: Kadi za Topps za 1962 zenye rangi ya kijani

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kadi zangu mbili za besiboli za mwaka 1962 za Topps, kampuni ya Kimarekani ya kadi za wachezaji, zenye namba moja na mchezaji mmoja, zinatofautiana rangi kiasi kwamba katika moja uso wake umekuwa wa kijani kama wa mtu aliyeshikwa na kichefuchefu cha melini. Nawashukuru nyote, hasa aliyenishauri nitumie lenzi ya kukuzia. Shavuni, vitone vyekundu vya wino vinavyounda picha ni hafifu mno, ilhali vya samawati na manjano vimekolea, na ndiyo maana kijani kimetawala. Nilishuku kwamba jua ndilo lililofifisha wino mwekundu, lakini hoja iliyonishawishi ni kwamba toleo hilo la kijani limo katika mfululizo wa pili wa kadi za mwaka huo, namba 110 hadi 196, zikiwemo kadi maalumu za Babe Ruth, mchezaji mashuhuri wa besiboli, na kwa baadhi ya namba hata picha yenyewe ni nyingine, jambo ambalo jua haliwezi kulifanya. Muuzaji aliniambia ni kosa adimu la kiwandani. Kwangu, hiyo ilikuwa lugha ya biashara tu. Nitazihifadhi zote mbili.