Ukumbi wa shule, godauni au makontena? Tunatafuta sehemu ya kufundishia mtaa kujiandaa na maafa

BintiKigogo: Wakuu habari za jioni. Kamati yetu ya maafa ya mtaa, hapa Kigogo, Dar, imepata mfadhili wa kituo cha mafunzo: huduma ya kwanza, kuzima moto, kuokoa watu wakati wa mafuriko. Tumeletewa machaguo matatu. Kupanga godauni la zamani karibu na barabara, kutumia ukumbi wa shule ya msingi jioni na wikiendi, au kununua makontena mawili ya futi 40 tuyaweke kwenye kiwanja cha serikali ya mtaa. Jumamosi tunatakiwa kutoa jibu. Mngekuwa nyinyi mngechukua lipi?

FundiMchundo: Dada, bila vipimo hatuwezi kukusaidia. Watu wangapi kwa awamu? Godauni lina ukubwa gani na mkataba wa muda gani? Na hicho kiwanja kiko upande gani wa mtaa?

BintiKigogo: Watu 24 kwa awamu. Godauni ni mita 15 kwa 10, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ukumbi bado hatujaupima. Kiwanja kiko upande wa chini, kuelekea Mto Msimbazi. Bajeti naomba nisiiweke hapa.

MzeeWaMagomeni: Upande wa chini? Mwanangu, achaneni nacho. Karakana ya mabasi ya mwendokasi si ilijengwa Jangwani, bondeni palepale, na mvua kubwa zikawa zinaizamisha? Mafuriko ya Desemba 2011 tulizika watu, na waliobaki bila nyumba wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Na kuna mradi wa Bonde la Msimbazi wa kupunguza mafuriko, nyumba zimevunjwa na watu wamelipwa fidia. Nendeni kwa mtendaji mkahakikishe kiwanja hakimo ndani ya mipaka yake kabla hamjalipia hata tofali.

Nesi_Temeke: Mimi nafundisha huduma ya kwanza, nianze na sakafu. Sanamu moja la kufanyia mazoezi ya kusukuma kifua linataka kama mita 2 kwa 2, maana mmoja amepiga magoti huku, mwenzake yuko upande wa pili tayari kumpokea. Mkiwa na masanamu 6, watu wanne kwa kila moja, hiyo ni mita za mraba 24 tupu, bado mkufunzi hajapata pa kupita na wanaosubiri hawajapata pa kukaa. Kontena la futi 40 kwa ndani lina upana wa mita 2.35 hivi na urefu wa mita 12, jumla mita za mraba 28. Na kusukuma ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Fikiria saa nane mchana ndani ya chuma. Nachagua ukumbi wa shule.

KontenaBoy: Dada Nesi, nani kasema mfundishie ndani? Makontena mawili yanakaa sambamba, nafasi ya mita 6 katikati, juu unaezeka bati kuunganisha yote mawili. Ndani ni stoo ya vifaa na ofisi, mafunzo yanafanyika kivulini katikati. Unakata madirisha, unayainua juu ya nguzo za zege. Nimejenga hivyo mara nyingi.

MzeeWaMagomeni: Nguzo za urefu gani, kijana, kwa maji ya Msimbazi?

Mwanakamati: Godauni msilikimbilie kwa sababu ya ukubwa tu. Sisi tulipanga moja, zuri, sakafu ya saruji, geti pana. Tukaweka machela, kamba, maboya, majaketi ya kuokolea, taa, kila kitu. Mwenye godauni akasema funguo zinabaki kwake kwa sababu kuna mizigo yake upande wa nyuma. Masika ikaja, maji yakapanda usiku. Tunampigia simu, haipatikani. Mlinzi naye hana funguo. Vijana wakafunga kanga na mashuka kuwavusha wazee, na kamba nzuri ziko ndani ya geti, umbali wa kurusha jiwe. Asubuhi jamaa akafungua, anashangaa tunalia nini. Mkataba ulipoisha akapandisha kodi, tukahama na vitu vyetu. Kwa hiyo swali langu kwa kila chaguo ni moja: saa nane usiku nani anafungua? Hata shule ina mlinzi na mwalimu mkuu.

Nesi_Temeke: Hilo la funguo ni kweli kabisa. Vifaa vigawanywe, vingine vikae kwa wajumbe.

FundiMchundo: Na moto mtafundishia wapi? Mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, ukipulizwa ndani ya ukumbi, vumbi lake linaingia kila kona, na Jumatatu watoto wanakaa humo. Lazima uwanja wa wazi.

KontenaBoy: Moto tumwagie maji tu, mitungi ghali.

FundiMchundo: Maji kwenye sufuria ya mafuta yanayowaka? Hapana kaka, usiseme hivyo mbele ya watu. Mafuta yanaruka, yanasambaza moto jikoni kote. Unafunika na mfuniko, unazima jiko, unaacha ipoe. Hicho ndicho cha kwanza kufundishwa, maana ukipiga 114, gari la zimamoto vichochoro vya Kigogo halipenyi.

MzeeWaMagomeni: Hapo umesema. Vichochoro kwanza, majengo baadaye.

BintiKigogo: Asanteni sana. Kwa hiyo ukumbi kwa darasa, uwanja wa shule kwa moto, vifaa kwa wajumbe? Ila shule nayo mvua ikizidi watu wanakimbilia kulala humo.

Mwanakamati: Basi mafunzo yasimame kipindi hicho, wenye nyumba zilizozama ndio wa kwanza. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani na wananchi, walichora maeneo yanayofurika Dar, iangalieni shule ikoje.

KontenaBoy: Kontena moja tu la stoo, hapo hapo shuleni, upande wa juu. Mwalimu mkuu atakubali?

Nesi_Temeke: Na choo je? Mama mjamzito anayefundishwa kwa muda wa saa tatu nzima ataenda wapi, shule ikiwa imefunga vyoo jioni?