Anayefafanua tafiti za sera za afya: mtaalamu au mpambaji wa maneno?

Kalamu ya Kati: Wakuu, habari za majukumu. Kuna kazi imeshika kasi kwenye taasisi za utafiti. Mtu anapewa ripoti nene ya bima ya afya au kodi ya sigara, anaitoa kurasa mbili ambazo mbunge, mhariri au mzazi yeyote anazielewa. Kazi hii apewe nani, mtu wa afya aliyejifunza kuandika au mwandishi aliyejifunza afya? Na mtu anaweza kuifanya hadi akastaafu nayo? Karibuni.

Mzee wa Takwimu: Hili wala halina mjadala. Apewe mtu wa afya. Mwandishi atakutafutia kichwa cha habari. Mnaikumbuka Uingereza 1995? Ilitoka tahadhari kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu, yaani vile vya aina mpya wakati ule, vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Wanawake wakaviacha. Kumbe hatari yenyewe ilitoka kama mwanamke 1 kati ya 7,000, ikawa 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales ukapanda kwa maelfu. Neno "maradufu" tu hilo. Halafu tuseme ukweli, wengi wanaokimbilia kazi hii ni waliofeli maabara.

Dada Muhtasari: Waliofeli maabara! Mzee, shikamoo niliyokuwa nimekuandalia naiweka mfukoni. Nina shahada ya pili ya afya ya jamii na kuandika nimekuchagua mwenyewe. Ngoja nikuonyeshe "maabara" yenu inavyoandika. Niliandika: "Waliopata bima walipunguza kukopa ili walipie matibabu." Mtafiti akanirudishia: "Takwimu zinaashiria uwezekano wa kuwapo kwa uhusiano kati ya umiliki wa bima na kupungua kwa baadhi ya viashiria vya mkopo." Mkopaji mwenyewe kashatolewa kwenye sentensi!

Mzee wa Takwimu: Jiwe nimelirusha gizani, aliyelia ndiye limempata. Na huyo mtafiti alikuwa sahihi. "Walipunguza" inadai sababu. "Uhusiano" haudai.

Nesi wa Zamu: Mzee, mfano wako umekugeuka. Tahadhari ya 1995 haikutungwa na mwandishi. Ilitolewa na kamati ya wataalamu wa usalama wa dawa, barua zikaenda kwa madaktari na wafamasia. Wote watu wa afya. Angekuwepo mtu mmoja pale wa kuuliza "maradufu ya ngapi?", tusingekuwa tunaijadili leo.

Mfukua Data: Halafu jamani, utafiti wa sera za afya unafanyika maabara gani? Ni madodoso na kompyuta. Tusipewe sifa tusizonazo.

Mpita Njia: Nyie mnabishania vidonge, mmemsahau yule daktari wa Uingereza, Wakefield, na chanjo ya surua? Alipima watoto mamia huko akasema chanjo inaleta usonji, waandishi wakaibeba mzimamzima.

Mzee wa Takwimu: Umeona sasa! Waandishi!

Nesi wa Zamu: Mamia wapi, ndugu. Walikuwa watoto 12, karatasi ya 1998 kwenye jarida la kitabibu la Lancet, na ilifutwa 2010. Na aliyesimama mbele ya waandishi kutaka chanjo ile ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela isitishwe ni yeye mwenyewe.

Dada Muhtasari: Na aliyekuja kumfukua ni Brian Deer. Mwandishi wa habari. Sijui naye alifeli maabara gani.

Mzee wa Takwimu: Mmoja! Wenzake waliitangaza miaka na miaka kabla hajaamka. Na wewe dada punguza povu, hakuna aliyekutaja.

Kalamu ya Kati: Wakuu, turudi kwenye mada. Chukueni Oregon, Marekani. Mwaka 2008 walichezesha droo kupata watu wa kuingizwa Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, kwa sababu waombaji walizidi nafasi. Watafiti wakalinganisha walioshinda na walioshindwa. Matokeo ya 2013, baada ya takriban miaka miwili: presha, sukari na kolesteroli havikuonyesha nafuu iliyo wazi kitakwimu. Ila sonona ilipungua, na mzigo wa madeni ya matibabu ukashuka sana. Sasa una kurasa mbili. Unaanza na lipi? Ukianza na presha, wapinga bima wanashangilia. Ukianza na madeni, wanaoitaka ndio wanashangilia. Namba ni zilezile. Anayechagua mstari wa kwanza anafanya kazi ya hakimu, na mara nyingi jina lake halimo popote kwenye waraka.

Mfukua Data: Unaanza na swali ambalo utafiti ulipangwa kulijibu. Basi.

Nesi wa Zamu: Ulipangwa kujibu yote hayo, kaka. Ndiyo tabu yenyewe.

Dada Muhtasari: Hapo kwenye jina ndipo panaponiuma. Waraka wa watafiti sita, mimi nimeuandika neno kwa neno, naishia kwenye shukrani, baada ya dereva.

Mzee wa Takwimu: Jina unalitaka, sawa. Waraka ukikosea, nani ataitwa mbele ya kamati ya bunge kujieleza?

Dada Muhtasari: Niite. Nitakuja.

Mzee wa Takwimu: Uje na majedwali yote, usije na kurasa mbili.

Dada Muhtasari: Kwani hao wabunge watakuwa wamesoma nini zaidi ya hizo mbili?

Mfukua Data: Dereva naye anastahili shukrani, tusimdharau. Bila yeye madodoso yasingefika.

Dada Muhtasari: Nani kamdharau dereva??

Mpita Njia: Samahani wakuu, mimi nilifungua uzi huu nijue mshahara. Mbona hakuna anayeutaja?

Nesi wa Zamu: Muulize dereva.