Ushauri: mimi na mke wangu tunaenda Bolivia miaka mitatu kujitolea, nyumba na kazi tuviacheje?

Mwalimu wa Ng'ambo
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Na wasio wa imani hii, heshima kwenu.

Niko Tabora mjini, nafundisha hesabu sekondari ya serikali, huu ni mwaka wa 11. Mke wangu ni muuguzi. Tumekubaliwa na shirika la walei wamisionari (waumini wa kawaida, si mapadre wala watawa) tukatumikie Bolivia, Jimbo Kuu la Cochabamba. Miezi minne ya mwanzo ni darasa la Kihispania, halafu mimi nafundisha na mwenzangu anaingia zahanati ya parokia. Nauli, chumba, bima na hela ya kula wanatoa wao. Mshahara hakuna.

Nilipokwama ni hapa: niombe likizo bila malipo au niache kazi moja kwa moja? Na nyumba yetu ya vyumba vitatu, tupangishe au akae mdogo wangu? Fomu za mwisho zinatakiwa Ijumaa. Paroko ameshatutangaza kanisani, pikipiki nimeshauza. Wiki ya pili hii usingizi sipati.

Dagaa wa Kibirizi
Nyumba usimwachie ndugu! Mimi nilihamishiwa Mtwara miaka miwili, nikamwachia shemeji nyumba yangu ya Mwanga, hapa Kigoma. Narudi nakuta mlango wa uani hauna bawaba, mwembe umegeuzwa mkaa, na jirani ananidai mimi hela ya maji. Shemeji mwenyewe alikuwa amekaa barazani anakula, akanikaribisha chakula. Hadi leo tukikutana msibani hatutazamani.

Mzee wa Cheyo
Mwalimu, kazi usiache. Andika barua ya likizo bila malipo, ipitie kwa mkuu wa shule iende kwa mkurugenzi, na ubaki na nakala yenye muhuri. Usiondoke kabla ya jibu la maandishi, maana utahesabika mtoro kazini. Na michango yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uliza mapema itakuwaje kwa miaka hiyo mitatu.

Kachumbari
Bolivia si ndiko timu za wageni zinacheza mpira mlimani mpaka wachezaji wanavutishwa oksijeni? Mwalimu, jifunze kupumua kwanza, Kihispania baadaye 😂

Mwalimu wa Ng'ambo
Hiyo ni La Paz, mita 3,600. Cochabamba ni kama mita 2,500. Sisi Tabora tuko 1,200. Watu wanazoea.

Mzee wa Cheyo, asante sana, shikamoo.

Mama Jumuiya
Mwanangu, umetaja pikipiki, umetaja nyumba, hata mdogo wako umemtaja. Watoto mnao?

Mwalimu wa Ng'ambo
Tunaye mmoja, binti, ana miaka 7. Tunaenda naye, shirika linapokea familia. Naomba tubaki kwenye nyumba na kazi.

Mama Jumuiya
Mbona unatuharakisha? Nimelea saba, najua mzazi akijibu kwa mkato. Mtoto ana nini?

Nesi Mstaafu
Na mimi nauliza hilohilo. Kadi ya homa ya manjano ni jambo dogo, siku hizi chanjo moja inatosha maisha yote. Fomu ya afya ya mtoto mmejazaje?

Mwalimu wa Ng'ambo
Sawa. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Lakini naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Mwaka na miezi minne hajalazwa. Anatumia dawa zake, haidroksiyurea na foliki, hakosi kliniki. Hapa kinachomwangusha ni malaria, kila masika roho zetu ziko juu. Cochabamba mjini malaria hakuna. Mimi naona Mungu anamtoa mahali pabaya kwake. Na wito huu tumeuombea miaka sita, tangu yeye akiwa mchanga. Nikisema hapana leo, nitasema ndiyo lini?

Kachumbari
Basi mimi naufuta ule utani wangu wa kupumua. Samahani, mwalimu.

Nesi Mstaafu
Nimekaa wodi ya watoto miaka 27, watoto wa selimundu nimewabeba kwa mikono hii. Kuhusu malaria uko sahihi kabisa. Lakini ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua. Hapo ndipo chembe nyekundu zinapojikunja kama mundu na kuziba vimishipa. Usiku wa kule juu una baridi, na baridi nayo inamwamsha huyo mnyama. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi mpaka kama ya mita 2,400, na hata hapo mtoto wa namna hii daktari wake humwangalia kabla ya safari. Hayo ni masaa machache. Wewe unampeleka kuishi juu kuliko hapo miaka mitatu.

Swali langu hujalijibu. Fomu mmejazaje?

Jicho Kali
Wakuu, hii ni chai. Kwanza wamisionari wanakuja huku, lini wameanza kutoka Tabora? Pili, mke muuguzi anakosaje kujua haya mpaka aje kuambiwa na nesi wa mtandaoni? Tatu, mtu anauza pikipiki kabla hajajua kama anaacha kazi? Subirini, kesho kutwa ataomba mchango wa nauli.

Dagaa wa Kibirizi
Kweli, hata mimi nimeanza kusita. Mwalimu, weka picha ya barua, ficha majina.

Mzee wa Cheyo
Jicho Kali, la mtoto sisemi, ila hilo la kwanza umekosea. Nenda Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, uulize habari za Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto, Mapadre Weupe wakamkomboa, akasomea udaktari Malta. Akaletwa Karema akiwa mlei, katekista na mganga. Akaoa hukuhuku, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwafrika, mwenye mke, aliyetumwa nchi ya mbali. Na Kardinali Rugambwa wetu alikuwa askofu wa Kigoma, akachukuliwa Roma kwenye idara ya uinjilishaji, ndipo akarudi Tabora. Kutumwa si kwa Wazungu peke yao.

Jicho Kali
Mzee, hilo nimelipokea. Lakini la mke muuguzi bado linanisumbua.

Mwalimu wa Ng'ambo
Barua siweki, ina majina ya watu. Mchango siombi wa mtu yeyote.

Jicho Kali, kuhusu mke wangu una haki kuuliza. Anajua. Alijua siku ileile tuliyoambiwa Cochabamba. Aliniambia hayahaya ya Nesi Mstaafu, karibu neno kwa neno. Mimi ndiye niliyemwambia ile sehemu ya magonjwa ya kudumu tuiache wazi, tutaeleza tukifika. Tangu hapo hatujaongea vizuri. Anaamka, anamwekea mtoto chupa yake ya maji ya lita moja na nusu. Amechora mistari mitatu kwa kalamu ya wino mzito: asubuhi, mchana, jioni. Binti anakunywa mpaka kwenye mstari, anainua chupa kutuonyesha. Jana alinyanyua akaniuliza, "Baba, kule maji yao yana mistari?"

Nimeshindwa kumjibu, ndiyo maana nikaja kuwauliza habari za nyumba.

Mama Jumuiya
Ee mwanangu. Pole. Zima simu, mkae na mwenzio.

Nesi Mstaafu
Pole sana, mdogo wangu. Ijazeni, tena iandikeni yote, dozi na idadi ya kulazwa. Wasipojua, siku akizidiwa mtaanza kueleza kwa Kihispania cha miezi minne. Halafu waulizeni kama wana kituo upande wa Santa Cruz. Ni Bolivia hiyohiyo, lakini tambarare, kama mita 400 tu. Muwaulize na mbu wa huko, na hospitali ipi ina damu na daktari anayeijua selimundu.

Jicho Kali
Mwalimu, niwie radhi. Mdogo wangu alikuwa nayo.

Mwalimu wa Ng'ambo
Ni saa sita usiku. Mke wangu amejaza kwa mkono wake, mistari haikutosha, akaendelea nyuma ya karatasi. Nimetia sahihi. Swali la Santa Cruz tumeliweka mwishoni. Asubuhi naipiga picha na kuituma. Barua ya likizo sijaiandika, nasubiri kwanza watakavyosema.

Dagaa wa Kibirizi
Tunasubiri na wewe. Nyumba usimpe mtu mpaka hapo.