Tupeane uzoefu: uongo gani wa wakoloni kuhusu wazee wetu uliuamini, na ulifunguka macho lini?

Papa_Ruashi
Ndugu zangu, jana jioni nilikuwa namwangalia binti yangu akifanya kazi ya masomo. Yuko mwaka wa sita. Swali la tatu: nani aligundua shaba ya Katanga? Jibu limeandikwa kwenye daftari na mwalimu ameliwekea alama ya wino mwekundu: Jules Cornet, 1892.

Nilishindwa kuendelea. Sisi tunakaa Ruashi, hapa Lubumbashi. Shimo la Étoile halipo mbali na kwetu, na wenyeji walikuwa wanaliita Kalukuluku na kuchimba mawe yake ya kijani kabla mzungu yeyote hajakanyaga hapa. Kinachoniuma ni kwamba jibu hilohilo mimi nililiandika mwaka 1989, nikapewa pointi zote. Babu yangu alikuwa bado hai. Alikuwa akitueleza wazee walivyoyeyusha mukuba, yaani shaba, nami namsikiliza kama anayesimulia habari za sungura na fisi. Babu amesema moja, daftari limesema lingine, nikaamini daftari.

Binti aliniuliza, "Papa, sasa niandike nini?" Sikuwa na jibu. Naomba kila mtu aseme aliamini nini, na nini kilimfungua macho.

Mwana_Likasi
Hata mimi. Cornet, Stanley, Livingstone, Diogo Cão. Majina yao tuliyashika kwa moyo kama sala.

Mwalimu_Kampemba
Nafundisha historia mwaka wa 22 sasa, kwa hiyo swali hili linanihusu mimi kabisa. Cornet alikuwa mtaalamu wa mawe na alifanya kazi yake. Alichora, akapima, akaandika. Lakini alipopita alikuta mashimo. Na wale waliokuja nyuma yake kutafuta madini, kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, njia yao ya kwanza ilikuwa kuonyeshwa machimbo ya zamani ya wenyeji. Mtu akikupeleka shambani kwake, akakuonyesha muhogo alioupanda, je, wewe umegundua muhogo?

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakiisha. Wanaume wanachimba malakiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, wengine wanachoma makaa, tanuru linajengwa kwa udongo wa kichuguu kwa sababu udongo ule unavumilia moto. Mivukuto ni ya ngozi ya swala. Fundi mkuu hakuwa mtu wa kuokotwa tu: alirithi siri na miiko, na moto haukuwashwa bila yeye. Shaba ikishayeyuka inamiminwa kwenye kalibu, inatoka msalaba. Misalaba ile ilikuwa pesa, tena ilikuwa mahari. Ndiyo ile mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Na nendeni mbali zaidi. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Wakakuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wamewekewa vyungu vizuri, pembe za ndovu, chuma na shaba. Kisale si mahali pa kuchimba shaba. Ilibidi isafirishwe kutoka huku kusini. Maana yake kulikuwa na mafundi, wachukuzi, soko na wanunuzi, wakati mji huu haukuwa hata ndoto. Mimi nilikuja kuyajua haya nikiwa yunivasiti. Kwenye shule ya msingi hakuna aliyenitajia.

Mama_Deborah
Eeh mwalimu, endelea. Wengine tunasoma hapa huku bukari inaungua.

Muluba_Kabongo
Mimi niliambiwa sisi ni watu wasio na maandishi, kwa hiyo hatuna historia. Niliamini hadi nilipomwona mjomba wa mama yangu na lukasa. Ni ubao unaoenea mkononi, umepigiliwa shanga na simbi. Mzee ameushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kinatembea juu ya shanga polepole, na kila kinaposimama anataja wakubwa wa mwanzo wa ufalme wa Baluba: hapa Nkongolo, hapa Mbidi Kiluwe alipofika, hapa Kalala Ilunga. Akikosea anarudisha kidole nyuma, anaanza upya. Bambudye, watunza historia wa Baluba, walijifunza kusoma ubao huo miaka na miaka. Niambieni kama huko si kusoma.

Niko_Goma
Nawasalimu kutoka Goma. Huku kwetu kuna mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 karibu na mahali mto Semuliki unapotokea ziwa Edward. Una chale zilizopangwa kwa mafungu, na umri wake ni kama miaka 20,000. Watu bado wanabishana chale zile zina maana gani, lakini aliyezikata alikuwa na hesabu fulani kichwani. Mfupa uko Bruxelles. Sisi tunauona kwenye picha.

Nkambo_Katuba
Mimi ni mjukuu, naandika kwa niaba ya nkambo, bibi yangu. Nilimsomea mada hii akasema kaa chini uandike. Nimenyoosha kidogo, mengine nimeyaacha kama alivyosema.

Mi nilikuwaka mutoto wa miaka saba, 1954. Baba alikuwaka karani. Alijua Kifaransa kuliko bazungu wengine. Alitaka ile kadi ya imatrikilasio, ile ya kusema huyu sasa amestaarabika, anaweza kuhesabiwa kama muzungu mbele ya sheria. Ilikuwaka ngumu sana kuipata. Haikutosha kusoma. Bazungu wanakuja mu nyumba kuangalia unavyoishi.

Mama hakulala siku mbili. Alipiga pasi mashuka ya vitanda vyote, hata kile cha sisi watoto. Baba alinunua uma sita na visu sita. Walitufundisha kushika uma usiku kwa taa, na mikono ya mdogo wangu ilikuwa inatetemeka. Nkambo yangu, mama wa baba, tuliishi naye. Yeye alikula chini kwenye mukeka maisha yake yote. Baba akamwambia, "Mama, siku hiyo utakaa kwenye kiti." Akakubali.

Wakaja watatu. Wakafungua kabati. Wakaangalia choo. Mmoja alifunua chungu jikoni, akanusa sombe. Wakamuuliza mama kama anakula meza moja na bwana wake, kama anasoma, asome hapo wasikie. Mama akasoma. Sauti yake ninaisikia mpaka leo.

Sasa mi niliona bazungu wanapenda kuangalia vitu. Nikataka na mi niwaonyeshe kitu cha maana cha nyumba yetu. Chini ya kitanda cha nkambo kulikuwaka kitambaa, na ndani ya kitambaa musalaba wa mukuba. Baba yake nkambo alikuwaka fundi wa tanuru, Musanga, mutu wa kabila ya Basanga. Aliumimina yeye mwenyewe. Ulikuwaka ndani ya mahari yake nkambo, ukabakia kwake. Nikauleta. Nikauweka juu ya kile kitambaa cheupe cha meza, kati ya sahani.

Yule mukubwa wao akauliza baba, "Hiki nini? Dawa ya uchawi?"

Baba akaangalia musalaba. Akaangalia mama yake pale kwenye kiti. Akasema, "Hapana bwana. Ni chuma cha watoto, wanakiokotaka mu njia."

Nkambo alikuwa hajui Kifaransa, lakini alielewa. Alisimama kwenye kile kiti, akaenda kukaa nje. Jioni baba alitoka na musalaba mfukoni, akarudi bila. Kadi akaipata. Nkambo hakukaa tena mezani na baba, na baba hakumwomba. Alikufa 1957. Mi ndiye niliuleta ule musalaba mezani. Nina miaka 79, bado najiuliza kama ningeuacha chini ya kitanda.

Mama_Deborah
Nkambo, pole. Nimelia mbele ya watoto.

Mwana_Likasi
Ulikuwa mtoto, nkambo. Ulileta kitu cha thamani kuliko vyote vilivyokuwa mezani.

Lugha_Sanifu
Simulizi inagusa, ila mjukuu angeiandika kwa Kiswahili sahihi. "Nilikuwaka", "mu nyumba", hiki ni Kiswahili kibovu cha jikoni. Watu wa nje wanasoma.

Fundi_Kenya
Wewe! Mama wa watu anatoa yaliyomkaa kifuani miaka 70, wewe unamsahihisha sarufi? Ndiyo kile kiti chenyewe, umemrudisha akae juu yake.

Lugha_Sanifu
Sikumkosea heshima nkambo. Nimesema lugha tu.

Mwalimu_Kampemba
Hiyo "ya jikoni" nayo ni moja ya uongo tunaoutafuta hapa. Mji huu ulijengwa na watu wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Rwanda na Burundi, pamoja na wa Katanga yenyewe. Walihitaji lugha moja wakaitengeneza, na ina kanuni zake: hiyo "-ka" haiwekwi ovyo, inaonyesha jambo la zamani au la kila mara. Mwaka 1965 André Yav na wenzake waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili hichohicho. Waliandika waliyoyaona wao wakihudumia meza. Nani mwingine alituandikia hayo?

Lugha_Sanifu
Hilo sikulijua. Nkambo anisamehe.

Muyeke_Bunkeya
Turudi kwenye mada. Mimi nilifundishwa kwamba Msiri, mfalme wetu wa Bayeke, alikuwa jitu katili tu, na wazungu walikuja kuokoa watu. Hawakunifundisha kwamba aliombwa kupokea bendera ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, akakataa. Tarehe 20/12/1891 kapteni Bodson akampiga risasi hapo Bunkeya, na yeye Bodson akapigwa akafa. Halafu wakamkata Msiri kichwa. Ustaarabu gani unakata kichwa?

Musanga_Kambove
Polepole ndugu. Msiri alitoka upande wa Unyamwezi. Kwa wazee wetu alikuwa mgeni mwenye bunduki, aliyeuza pembe na watu. Basanga walikuwa wameshamwasi kabla msafara wa Stairs, ule uliokuja na Bodson, haujafika.

Muyeke_Bunkeya
Kwa hiyo unamshukuru Stairs?

Musanga_Kambove
Simshukuru yeyote. Nasema tusifute uongo mmoja kwa kupaka mwingine. Machozi ya Basanga yalikuwa ya kweli, na wazungu waliyatumia kama kisingizio. Waliosema wanatutoa utumwani ndio waliotuletea fimbo na kodi. Na tarehe 9/12/1941 wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi uwanjani, hapa mjini. Na hilo nalo mtoto wa mwaka wa sita hafundishwi.

Muyeke_Bunkeya
Hapo tunakubaliana. Lakini mimi Msiri simwachi.

Musanga_Kambove
Sikukuomba umwache.

Mwana_Kalemie
Kwetu kwa Batabwa ni chifu Lusinga. Mbelgiji Storms, aliyekaa Mpala kando ya ziwa Tanganyika, alituma watu wakamuua mwaka 1884. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, likapimwapimwa kama la mnyama wa porini, likaishia kwenye hifadhi ya makumbusho. Na yeye alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, sifichi, Musanga amesema vizuri. Ila mtu hupewa kaburi. Mimi nilisoma jina la Storms shuleni kama msafiri shujaa. Jina la Lusinga nililisikia kwa nyanya.

Niko_Ubelgiji
Mkipita Tervuren, huku Ubelgiji, msiishie makumbusho. Nendeni kanisani, kando yake kuna makaburi 7. Mwaka 1897 walileta Wakongo 267 kuonyeshwa kwa watu kama maonyesho, wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza, na hao 7 wakafa. Nilisimama pale na koti langu la baridi nikakosa sala ya kusema. Nikataja tu mito ya kwetu: Lualaba, Lufira, Lubumbashi.

Papa_Ruashi
Nashukuru wote. Sasa nisaidieni: mtihani ni mwezi ujao. Binti aandike nini?

Mama_Deborah
Aandike Cornet, apite. Ukweli umfundishe nyumbani. Mimi mtoto wangu aliwahi kubishana na mwalimu akakaa nje ya darasa siku nzima.

Fundi_Kenya
Hapana! Ndivyo na baba yake nkambo alivyofanya: nje hivi, nyumbani vile. Aandike Basanga, potelea mbali hiyo pointi.

Mwalimu_Kampemba
Aandike hivi: "Wenyeji waliichimba kwa karne nyingi, na mwaka 1892 Jules Cornet akaiandika kwa ajili ya wazungu." Mwalimu mwenye moyo atampa pointi. Asipompa, niko tayari kwenda naye kwa mkurugenzi. Na mpeleke makumbusho ya taifa hapa Lubumbashi, aone misalaba kwa macho yake.

Muluba_Kabongo
Kabla ya makumbusho, mrekodi mzee yeyote aliye hai. Simu unayo.

Musanga_Kambove
Wazee hawasemi mbele ya simu. Peleka sukari na tumbaku, kaa siku mbili, simu iache mfukoni.

Papa_Ruashi
Nimemsomea binti habari ya nkambo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba niulize jambo moja: ule msalaba ulikuwaje? Anataka kuuchora.

Nkambo_Katuba
Nimemsomea nkambo swali. Amecheka, halafu amenipa kiganja chake nipime. Anasema ulikuwaka mudogo, unaenea hapa, mweusi kwa juu, na nkambo yake akiusugua na majivu unakuwa mwekundu. Mwambie mtoto asiuchore sawasawa: mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mitatu mingine. Kalibu ilibomoka kidogo kona moja kabla mukuba haujafika, na baba yake huyo nkambo yake akasema uacheni hivyo, nitaujua popote nikiuona.