"Gari ndogo ya kifahari" kwa paki finyu: nimenunua, na sasa nashukia kwenye buti

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Asiyependa makelele apite tu, sitanuna.

Juzi usiku nilishuka kwenye gari yangu kupitia buti. Sikuwa nimelewa, na hakuna mlango uliogoma. Jirani wangu wa kulia alikuwa amepaki tairi likiwa juu ya mstari, kushoto kwangu kuna ukuta, na gari yangu "ndogo ya mjini" ikawa imekaa katikati kama kizibo. Nikabaki nimeshika usukani dakika kadhaa, najiuliza nirudi barabarani nikaiache wapi usiku ule. Mwisho nikavua koti, nikalaza siti za nyuma, nikajivuta kwa viwiko mpaka mwisho, nikabonyeza ufunguo. Buti likajifungua taratibu kwa mbwembwe zake zote za umeme, na mimi nikateremka kwa makalio mbele ya mlinzi aliyekuwa amenimulika tochi. Akauliza, "Bosi, ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akazima tochi, akaangalia pembeni. Kijana yule ana adabu zake.

Na gari yenyewe bado nadaiwa.

Sitaji kampuni wala aliyeniuzia, sitafuti kesi. Ninachotaka ni kuwaambia nyie mnaotafuta gari ya aina hii kwa ajili ya paki finyu kwamba neno "ndogo" kwenye hizi gari linahusu urefu tu. Upana hakuna anayekutajia, na upana ndio unaokuua.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Kabla ya kununua nilishuka chini ya ghorofa na futi kamba, nikapima kutoka ukutani mpaka kwenye mstari: sentimita 230. Kina mita 4.9. Nikaandika kwenye karatasi, nikaenda nayo. Muuzaji akaisoma, akatabasamu, akafungua brosha: urefu mita 4.3, upana mita 1.8. Akatoa simu akapiga hesabu mbele ya macho yangu. "Kaka, hapa unabakiwa na nusu mita nzima!" Nusu mita nzima. Nikaondoka nimefurahi kama mtu aliyepewa kitu bure.

Hakuniambia, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza, kwamba ule upana ni wa bodi peke yake bila saiti mira. Namba yenye vioo huwa ipo, ila inafichwa kwenye mchoro wa mwisho kwa maandishi ya sisimizi. Chukueni gari ambazo kila mtu anazijua. Mercedes-Benz A-Class iliyotoka 2018 ina bodi ya sentimita 180, lakini ukihesabu vioo ni 199. Audi A3 ya sasa ni 182, na vioo ni 198. Yaani gari inayoitwa ndogo, ikiwa na masikio yake, ni mita mbili. Nenda nayo kwenye nafasi ya sentimita 230 halafu uniambie ile nusu mita imeishia wapi.

Najua kuna atakayesema "kunja vioo". Nakunja mkuu, tena cha kushoto nakikunja kabla sijaingia kwa sababu ukuta uko pale pale. Lakini kioo cha kushoto ndicho kinachoniambia niko umbali gani na ukuta huo huo. Kwa hiyo naingia nikisikiliza sensa, vile vifaa vinavyolia gari ikikaribia kitu, na sensa kwenye nafasi kama ile hazina la kukuambia, zinalia mfululizo kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtoto mwenye njaa. Rimu mbili za kushoto zimeshachubuka. Za inchi 18, tairi nyembamba kama ukanda, ukigusa ukingo wa saruji tu kinachoguswa ni chuma.

Sasa hesabu halisi ndiyo hii, na hakuna aliyewahi kunipigia. Nikijibana ukutani kadiri ninavyothubutu, bodi inakuwa sentimita 12 kutoka ukutani. 230 kutoa 12 kutoa 180, upande wangu zinabaki 38 mpaka mstarini, hapo jirani akiwa muungwana. Lakini mlango nao si karatasi. Ndani yake kuna nondo ya kukukinga ukigongwa ubavuni, kuna mota ya kioo, spika, mfuko wa chupa, pa kuwekea mkono. Nilipima wa kwangu kwa rula pale kwenye kishikio: karibu sentimita 20. Fungua mlango wenye unene huo kwenye nafasi ya 38, kinachobaki cha kupitisha mwili wa mtu mzima ni kama upana wa karatasi ya kuandikia. Unatanguliza mguu wa kulia. Unavuta tumbo. Kifua kinapita, kishikizo cha suruali kinanasa kwenye kile chuma cha kufungia mlango, na huku mkono wa kushoto umeshika ukingo wa mlango usije ukambusu jirani rangi yake. Kila siku. Nikiwa na begi la kompyuta ni mara mbili, kwanza begi, halafu mimi.

Abiria ndio usiseme. Kwangu sasa tukifika getini wote wanashuka. Mama yangu mzazi ana magoti mabovu, anasimama pembeni na mfuko wake mkononi akingoja niliingize gari ambalo nilimpigia simu nikimsifia wiki nzima. Mtoto wa miaka miwili, kiti chake nimekifunga nyuma upande wa kulia maana kushoto ni ukuta. Mlango wa nyuma unafunguka kiasi cha kupitisha mkono na chupa ya maziwa, mtoto haupiti. Kwa hiyo mtoto naye ni abiria wa getini.

Halafu inaniuma zaidi nikikumbuka hizi gari zilikotoka. A-Class ya kwanza kabisa, ile ya 1997, ilikuwa na urefu wa mita 3.58 na upana wa 1.72. Ndiyo, ni ile ile iliyopinduka kwenye jaribio la kukwepa kizuizi huko Sweden mwaka huo huo, wakachekwa dunia nzima mpaka wakalazimika kuziwekea zote mfumo wa kuzuia kuyumba. Lakini ilikuwa ndogo kweli! Wakaitengeneza, ikatulia, halafu kizazi baada ya kizazi wakainenepesha mpaka leo iko mita 4.42. MINI ya 1959 ilikuwa na urefu wa mita 3.05 na upana wa kama mita 1.4, ile ya milango mitatu iliyotoka 2014 ni mita 3.82 kwa 1.73. Ukuta wangu, tangu wajenge, haujasogea hata sentimita moja.

Na msidanganywe na ufupi. Lexus LBX, kwa mfano, ni fupi kuliko A-Class, mita 4.19. Ukiiona unasema hii ndiyo yenyewe. Upana? Sentimita 183. Volvo EX30 mita 4.23, upana 184. Fupi na pana, kama sanduku la viatu. Kwa mtu anayepaki kando ya barabara nyuma ya gari nyingine, hizo ni nzuri sana na ninampongeza. Kwa mtu wa ukutani kama mimi, ufupi huo haunisaidii kitu, kina changu ni mita 4.9, mbele nina mahali pa kuweka baiskeli mbili.

Wajapani ndio walau wanakiri kwamba gari lazima ilale mahali. Kule kwenye miji mingi huandikishi gari bila kuthibitisha una pa kuipaki, sheria hiyo ni ya 1962, na gari zao za kundi dogo kabisa zimewekewa mpaka wa mita 3.4 kwa 1.48. Mtengenezaji akitaka kuzidisha, inahama kundi. Hapo mtu akisema "ndogo" anamaanisha kitu kinachopimika. Huku kwetu kwenye gari za kifahari "ndogo" ni namna ya kusema "ya bei ya chini katika kampuni yetu".

Lakini kinachonichemsha damu kuliko yote ni hiki. Teknolojia ya kunisaidia ipo. BMW waliweka kwenye 7 Series ya 2015 kitu kinachokuwezesha kushuka nje, ukabonyeza ufunguo, gari ikaingia yenyewe kwenye nafasi bila mtu ndani. Hicho ndicho nilichokihitaji! Wakaanza kukiweka wapi? Kwenye gari ya zaidi ya mita 5, ya mtu mwenye dereva na ua wa kugeuzia lori. Hivyo hivyo na kukata kona. Mercedes S-Class ya 2020, kaka mkubwa wa A-Class, ukiichukua na matairi ya nyuma yanayokata hadi digrii 10, inageuka kwenye duara la chini ya mita 11. A-Class, fupi kuliko hiyo kwa zaidi ya sentimita 70, inahitaji mita 11. Mdogo anahitaji uwanja sawa na kaka mkubwa. Na BMW 1 Series walipoihamisha kutoka kusukumwa na matairi ya nyuma kwenda kuvutwa na ya mbele mwaka 2019, duara likakua kutoka mita 10.9 hadi 11.4. Wakasifiwa kwa kuongeza nafasi ya miguu nyuma. Miguu ya nani, ikiwa abiria wangu wote wako getini?

Sisi wa gari ndogo tumepewa nini? Taa za rangi 64 za ndani. Naweza kubadilisha dashibodi ikawa ya zambarau huku nimenasa.

NYONGEZA 1: Nimesoma majibu. Wewe uliyesema nihame nyumba, asante, nitahamia kwako. Wewe uliyeuliza kwa nini nisiingize kinyumenyume ili dereva akae upande wa ukutani: wazo lina akili na nilishalijaribu, ila ukuta hausogei na mstari husogea, kwa maana ya kwamba jirani akiwa hayupo upande wa mstari napata nafasi, upande wa ukuta sipati kamwe. Wa tatu anayesema gari yangu si ina kujipaki yenyewe, inayo. Inaanza kwa kutafuta nafasi inayoona inafaa. Ya kwangu huipita kimya kimya kila siku, haijawahi hata mara moja kukubali kwamba pale ni paki.

NYONGEZA 2: Mnaouliza sasa ninatafuta nini. Nasema kwa upana wa bodi, maana urefu sina shida nao.

Audi A1, sentimita 174 zote mbili, ya 2010 na ya 2018. Ndani ya kizazi cha pili kuna plastiki ngumu nyingi, sijali, siendi kuipapasa. Lexus CT 200h, zile zilizotengenezwa hadi 2022, 177, gari tulivu na haili mafuta. MINI ya milango mitano. Tafadhali, kama paki yako ni finyu, usiguse ya milango mitatu hata ikupendeze vipi: mlango wa gari ya milango mitatu ni mrefu, na mlango mrefu unahitaji kusogea mbali zaidi pembeni ili upate upenyo ule ule. Wauzaji wanakupeleka kwenye ya milango mitatu kwa sababu ni fupi. Mtego huo niliukwepa kwa bahati, si kwa akili.

BMW i3 mmeitaja wengi. Urefu mita 4, upana 178, na inakata kona ndani ya mita 9.9, hapo natoa heshima zote. Lakini milango ya nyuma inafungukia kinyume na haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza. Kwenye nafasi finyu unajikuta umesimama kati ya milango miwili kama mtu aliyefungiwa kabatini, na mtoto ananyoosha mikono. Kwa asiye na mtoto, ichukueni.

Aston Martin Cygnet aliyeitaja alikuwa anatania, najua, ila mkicheka mkumbuke ilikuwa Toyota iQ iliyovalishwa ngozi, mita 3.08, na kwenye paki yangu ingegeuka na kuniamkia.

Wenye A1 au CT naomba kitu kimoja. Mlango wa dereva ukifika kituo cha kwanza, pale unaposimama wenyewe, pimeni ncha yake iko sentimita ngapi kutoka kwenye bodi. Hiyo namba haipo kwenye brosha yoyote niliyoiona, na ndiyo pekee ninayoihitaji.

Mimi Jumamosi naenda kuangalia A1 ya mtu. Nimekata boksi la friji, refu kama mlango. 230 kutoa 12 kutoa 174 ni 44, kwa hiyo nitalisimamisha sentimita 44 kutoka ubavuni mwa gari, nikae ndani, nifunge, halafu nijaribu kushuka nikiwa na begi. Mwenye gari nimeshamwambia kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama niko sawa.