Kipindi cha michezo kifutwe kupisha mtihani? Napinga

Wadau, naileta hoja hii kutoka kikao cha wazazi. Mzazi mwenzetu alipendekeza darasa la saba waondolewe kipindi cha michezo mpaka wamalize mtihani wa taifa, akapigiwa makofi. Akasema hata Wagiriki wa kale, mabingwa wa falsafa, walifika walipofika kwa kukaa na vitabu.

Hapo ndipo nilipokataa. Akademia, shule ya mwanafalsafa Plato, ilikuwa kwenye kiunga chenye uwanja wa mazoezi, nje ya kuta za Athens. Aristotle naye alifundishia Lykeion, uwanja mwingine wa namna hiyo hiyo. Vijana walipiga mieleka palepale walipojadili hesabu na haki. Plato anasema wazi kwamba anayeshika mazoezi peke yake huwa mkali na mgumu, na anayeshika muziki na mashairi peke yake hulegea kupita kiasi. Na kwake, hata mazoezi ni malezi ya nafsi kabla ya kuwa ya misuli.

Ila wapenda michezo nao wasishangilie mapema. Sparta, mji mwingine wa Wagiriki hao, iliwachukua watoto wa kiume wakiwa na miaka 7, ikawakomaza kwa mateso. Aristotle akailaumu: inawafanya watoto kama wanyama. Akataja pia orodha ya washindi wa Olimpiki: walioshinda utotoni na wakashinda tena ukubwani walikuwa wawili au watatu tu, kwa sababu mazoezi makali yaliwamaliza nguvu mapema. Nawakumbuka watoto wetu UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inapokaribia. Wachache wenye vipaji wanakimbizwa alfajiri na jioni, wengine wote wanabaki kuwa watazamaji. Binti yangu amefika darasa la sita, na siku za michezo hajawahi kupangiwa kitu zaidi ya kushangilia.

Hilo la binti linaniuma, maana hata Athens wasichana waliachwa nyumbani, na watumwa walikatazwa viwanja vya mazoezi. Pale tusiwaige.

Ninachodai ni kidogo: kila mtoto, mwenye kipaji na asiye nacho, akimbie, aruke, acheze rede au mpira, kila wiki, mpaka wiki ya mtihani. Anayetaka kipindi kifutwe anijibu: mtoto aliyekaa kwenye dawati tangu saa moja asubuhi, saa tisa alasiri ukimwongezea zoezi jingine la hisabati, anaingiza nini kichwani?