Grafu ya PyQt: nichore upya au nibadilishe data tu?

Mwana_Jinja
Habari za jioni ndugu zangu. Niko na kaprogramu ka Python, dirisha nimelitengeneza kwa PyQt na grafu nachora kwa Matplotlib, kanaonyesha usawa wa maji ya Ziwa Viktoria hapa Jinja. Nimepiga laini nyekundu kwa mita 13.42, pale maji yalipofika Mei 2020 yakapita rekodi ya 1964. Sasa mtu akibonyeza "Pakia" kuleta data mpya, naita ax.clear() ya kufuta grafu halafu plot() ya kuchora upya, na vyote vinaenda, laini nyekundu, majina ya mihimili, rangi, hata pale alipokuwa amezumu (amekuza), banange nimechoka kuandika fomati ileile kila mahali. Nibaki hapa ama nihamie maktaba nyingine za grafu, PyQtGraph au Plotly?

Okello_kodi
Shida ni hiyo clear(), ndugu. Chora mara moja tu dirisha likifunguka (t ni tarehe, maji ni usawa):
self.laini, = ax.plot(t, maji)
Data mpya ikija:
self.laini.set_data(t, maji)
canvas.draw_idle()
Hiyo koma usiiache, plot() inarudisha listi. Kama ni nukta za scatter tumia set_offsets().

Nakato256
Mimi nilihamia PyQtGraph kwa sababu vipima joto vyangu vinaleta data kila sekunde na Matplotlib ilikuwa inakwamakwama. Huko ni setData() tu, rangi inabaki, na mtu akizumu kwa mausi grafu inaacha kujipanga yenyewe. Lakini grafu ya kuweka kwenye ripoti bado naitoa Matplotlib, inapendeza zaidi.

Mzee_wa_Arua
Plotly ndani ya dirisha la PyQt inataka QWebEngineView, kivinjari ndani ya programu, yaani unabeba Chromium nzima. Kwa laptop yenye ramu ya GB 4 nilijuta. Ukiamua hivyo, ita Plotly.react (inasasisha grafu iliyopo) badala ya newPlot (inachora upya), na thamani ya uirevision kwenye layout usiibadilishe, zumu itabaki.

Mwana_Jinja
Okello, laini nyekundu imebaki! Ila data ya mwezi huu haionekani, inatoka nje ya grafu.

Okello_kodi
Nilisahau, pole. set_data haigusi mipaka ya mihimili, kabla ya draw_idle weka ax.relim() na ax.autoscale_view() ili ihesabiwe upya. Aliyezumu kwa tulbaa hatapoteza mahali pake, kwa sababu kuzumu kunazima autoscale, yaani grafu kujipanga yenyewe.

Mwana_Jinja
Imekubali, webale nnyo. Nabaki na Matplotlib, data yangu ni ya mara moja kwa siku. Nakato, tukianza kupima kila dakika nitakutafuta.